Rangi kwenye vitabu vya picha vya watoto: watu wanavyodhani na ilivyo kweli

Dhana ya kwanza, na ndo sugu kuliko zote: eti kitabu cha mtoto kikikosa rangi kali kali kama upinde wa mvua, mtoto hakiangalii. Si kweli bana. Make Way for Ducklings ya Robert McCloskey ilitoka 1941, michoro ni ya kahawia mwanzo mwisho, na mwaka uliofuata ikabeba medali ya Caldecott, ile tuzo kubwa ya vitabu vya picha Marekani, halafu 1948 huyohuyo akaja na Blueberries for Sal kwa wino wa bluu iliyokoza, basi. Watoto bado wanasomewa mpaka leo. Chukua ukurasa wa kijivu, weka kofia moja nyekundu, jicho linaenda wapi? Sasa paka kila kitu nyekundu uitafute hiyo kofia.

Dhana nyingine: rangi zikiwa tofauti tu, vitu vitaonekana. Hii ilinikuta mwenyewe. Nilichora chura wa kijani kakaa juu ya jani la rangi ya chungwa, nikajisifu weee, rafiki yangu akasema hebu igeuze iwe nyeusi na nyeupe kwenye simu, nageuza hivi, chura hayupo! Kumbe rangi mbili ila ukoleo uleule. Na wapo watoto, hasa wavulana, ambao kijani na nyekundu zinawachanganya, hao chura wangu wangemtafuta mpaka basi. Nikakoleza jani, nikampausha chura tumbo, akarudi.

Kwamba kichanga anafaa pinki na bluu za kupauka kisa ni "laini"? Wa wiki chache hizo hazioni vizuri, anaona mistari minene myeusi kwenye weupe. Rangi zinamkalia sawa akifika kama miezi 4 au 5.

Bluu ni huzuni? Inategemea jirani yake. Bluu ya usiku yenye dirisha moja la njano ni nyumbani kumetulia, lizime hilo dirisha ndo upweke unaingia.

Halafu hii inayoliza wengi: "nilivyoona kwenye skrini ndo itakavyotoka." Skrini inatoa mwanga, karatasi inapigwa wino wa rangi 4, samawati, majenta, njano na nyeusi, na ule ukijani wa kung'aa kama taa hizo wino haziwezi, unatoka umefubaa. Omba sampuli iliyochapwa kwenye karatasi kabla hujasema chapeni zote.