Je, volkano huzidi binadamu kwa hewa ya ukaa?

Wengi huamini kwamba volkano hutoa hewa ya ukaa nyingi kuliko binadamu. Wazo hilo lina mantiki yake, maana mlipuko huonekana, ilhali moshi wa magari hutawanyika. Lakini volkano zote, za nchi kavu na za baharini, hutoa kwa mwaka chini ya asilimia 2 ya hewa ya ukaa tunayotoa sisi.

Hakiki mwenyewe: tafuta grafu ya vipimo vya hewa ya ukaa angani vya kituo cha Mauna Loa, Hawaii, tangu 1958, uangalie mwaka 1991, volkano ya Pinatubo ilipolipuka Ufilipino. Mstari haukuruka. Joto la dunia ndilo lililoshuka kwa muda, takriban nusu digrii ya Selsiasi, kwa kuwa chembe za salfa zilirudisha miale ya jua angani. Kwenye grafu hiyo, linganisha wastani wa mwaka, si wa mwezi. Mimea huupandisha na kuushusha mstari kila msimu.