Rehani, bei khiyari na bondi

Rehani ni mali ambayo mkopaji huifunga kwa ajili ya deni, ili deni lisipolipwa mdai ajilipe kutokana na mali hiyo. Neno hili limetokana na Kiarabu, na katika fikihi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, asili yake ni kitu kinachokabidhiwa mkononi mwa mdai. Kurani, katika sura ya Al-Baqara aya ya 283, inataja rehani ya aina hiyo kwa walio safarini wasipopata mwandishi wa kuandika deni lao. Kwa Kiswahili neno halichagui ukubwa wa mali: pete huwekwa rehani, shamba huwekwa rehani, na vyote viwili hukombolewa, kama anavyokombolewa mateka.

Unguja na Pemba wenye mashamba ya mikarafuu walikuwa na njia nyingine, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayostahili kuangaliwa zaidi, nayo ni bei khiyari. Hapa bei si thamani ya kitu bali ni mauzo, kama ilivyo katika Kiarabu. Mwenye shamba aliliuza kwa tajiri, mara nyingi Mhindi, akabaki na khiyari, yaani hiari, ya kulinunua tena katika muda waliokubaliana, na pengine aliendelea kukaa humo humo akilipa kodi. Kwa kuwa riba ni haramu, kodi ile ilishika nafasi yake, na mkopo ukavaa nguo za biashara. Ubaya wake ulionekana mavuno yalipoharibika, kwa mfano baada ya kimbunga cha 1872 kilichoangusha mikarafuu mingi ya Unguja, kwani muda ukipita bila malipo, shamba lilikuwa limekwisha kuuzwa tangu siku ya kwanza.

Mitaani leo watu husema kuweka bondi au kuweka poni, maneno yaliyotoholewa kutoka Kiingereza. Simu iliyowekwa bondi kweli hukaa kwa mkopeshaji, kwa hiyo bondi ya mtaani iko karibu zaidi na rehani ya fikihi kuliko mkopo wa nyumba wa benki. Kiingereza chenyewe kiliazima kutoka Kifaransa cha kale jina la mkopo huo, mortgage, lenye maana ya dhamana iliyokufa, na mwanasheria Mwingereza Edward Coke alieleza mwaka 1628 kwamba deni lisipolipwa ardhi humfia mkopaji, na likilipwa dhamana humfia mkopeshaji.

Sheria ya Ardhi ya Tanzania Bara ya 1999 imekwenda mbali na bei khiyari, kwa kuwa inaifanya rehani ya ardhi kuwa dhamana tu, isiyohamisha haki ya mwenye ardhi kwenda kwa mkopeshaji. Hata hivyo majirani bado husema nyumba ya fulani iko benki, ingawa kilichoko benki ni hati, na mwenyewe analala ndani.