Bamvua la mawe

Juzi jioni nilisimamisha darubini ufukweni Sahare, maji yamekupwa, miguu yake ikawa inadidimia mchangani kila nikiielekeza kwenye Mshtarii. Mzee mmoja aliyekuwa akifunga dema lake kwa waya akaja kuchungulia, akaona vinukta vinne kandokando ya sayari.

"Ndiyo miezi yake hiyo? Sasa na huko kuna bamvua, mwanangu?"

Miaka yote ninayofundisha falaki sijaulizwa swali tamu kama hilo.

"Lipo, mzee. Ila huko hakuna maji. Kinachojaa na kupwa ni mawe."

Kinukta kilichokuwa karibu zaidi na sayari ni Io. Una kipenyo cha kilomita 3,643, umeuzidi kidogo tu mwezi wetu, na umbali wake kutoka Mshtarii ni kilomita 422,000 hivi. Wetu uko 384,000. Tofauti ni mvutaji: Mshtarii ina uzito wa dunia 318. Mwezi wetu huzunguka kwa siku 27, Io kwa saa 42 na nusu.

Hapa wengi hupotea. Io huielekezea Mshtarii uso uleule daima, kwa hiyo mvuto peke yake ungeuvimbisha, basi, ukakaa hivyo umepoa. Wachokozi ni miezi jirani. Europa ikizunguka mara moja, Io umezunguka mbili. Ganymede mara moja, Io nne. Wanauvuta kwa zamu ileile bila kuchoka, njia yake haiwi duara kamili, mara uko karibu na sayari, mara mbali. Uvimbe nao hupanda na kushuka, hata mita 100. Bamvua letu la Tanga halifiki mita 5.

Nikaomba waya wa dema, nikaukunja na kuukunjua upesi upesi. "Shika hapa."

"Lo! Wa moto!"

Ndivyo ulivyo Io kwa ndani. Una volkano zaidi ya 400, na bonde moja la lava, Loki Patera, lina upana wa kilomita 200 hivi. Machi 1979 mwanasayansi Stanton Peale na wenzake walichapisha hesabu kwamba mawe ya ndani lazima yameyeyuka. Siku chache baadaye Linda Morabito, akikagua picha ya chombo cha angani Voyager 1, akaona wingu limefumka pembeni mwa Io. Volkano!

Tulipochungulia tena, vinukta vilibaki vitatu. Io ulishapita mbele ya sayari. Na maji yalikuwa yanarudi, ikabidi mzee anisaidie kubeba darubini.