Kucha za mtoto wa mbwa hazingoji miezi sita

Ujumbe huu huzunguka sana kwenye makundi ya WhatsApp ya wafugaji hapa Mombasa: usimkate mtoto wa mbwa kucha kabla ya miezi sita, atatoka damu nyingi na kuwa mwoga, lami itazisaga zenyewe. Si kweli. Ukikufikia, tafadhali uishie kwako.

Kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi ndipo mbwa huzoea mambo mapya kwa urahisi zaidi. Ukingoja miezi sita, utashindana na mbwa mwenye nguvu na hofu. Anza kwa kumshika mguu tu, sekunde mbili tatu, mpe kipande cha nyama, umwachie kabla hajajivuta. Akishazoea, bonyeza kidole taratibu ukucha utokeze, mwonyeshe mkasi wa kucha, kisha kata ncha ya ukucha mmoja. Kwa siku hiyo inatosha.

Hofu ya damu ina chanzo. Ndani ya ukucha kuna nyama yenye mishipa ya damu na neva. Kwenye ukucha mweupe huonekana ya waridi. Kwenye mweusi, punguza kidogo kidogo hadi kitone cheusi kitokee katikati, uache hapo. Ukipitiliza, gandamiza kornflawa kwa dakika chache.

Lami husaga kiasi, lakini mchanga wa uani hausaidii, na ukucha wa juu, upande wa ndani wa mguu, haugusi ardhi. Huweza kujikunja ukadunga nyama. Msikilize akitembea kwenye sakafu: kucha zikigonga, zimerefuka.