Homa isiyo ya malaria: jinsi seli inavyokitambua kirusi cha dengue

Masika yanapokolea hapa Tanga, maabara yetu hupokea damu za watu wenye homa kali ambao kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Swali ninaloulizwa mara nyingi, hasa na kina mama wa Ngamiani wanaoleta watoto, ni hili: daktari, kama malaria haipo, joto hili linatoka wapi? Mwaka 2019, dengue, homa ya virusi inayoenezwa na mbu, ilipoenea nchini, mkoa wetu ulikuwa miongoni mwa iliyoathirika zaidi baada ya Dar es Salaam, na swali hilo lilikuwa midomoni mwa kila mtu. Jibu ni kwamba sehemu kubwa ya homa ile, pamoja na maumivu ya viungo na ya nyuma ya macho, hutengenezwa na mwili wa mgonjwa mwenyewe wakati unapojilinda.

Wengi wetu tukisikia neno kinga tunafikiria chanjo na kingamwili, protini ambazo mwili hutengeneza dhidi ya kiini maradhi fulani. Lakini kwa mtu anayeugua dengue kwa mara ya kwanza, kingamwili za aina ya IgM kwa kawaida huanza kuonekana kwenye damu kuanzia siku ya nne au ya tano ya homa, ilhali kirusi kimeshaanza kuzaliana hata kabla homa haijapanda. Kinachokabiliana nacho katika kipindi hicho chote ni kinga ya asili, ambayo mtu huzaliwa nayo, na ambayo haihitaji kuwa imewahi kukutana na kirusi hicho.

Inakitambuaje kitu ambacho haijawahi kukiona? Hapa ndipo penye uzuri wa jambo lenyewe. Seli huchunguza kemia ya RNA, molekuli inayobeba maelekezo ya kijeni, iliyomo ndani yake. RNA zetu zinazobeba maelekezo ya kutengeneza protini hutoka kwenye kiini cha seli zikiwa na kofia maalumu ya kikemia kwenye ncha ya mbele, na protini iitwayo RIG-I, inayozunguka kwenye ute wa seli, huishuku RNA yenye fosfeti tatu zilizo wazi mahali pa kofia hiyo, kama karani anavyoitilia shaka barua ya mtendaji isiyo na muhuri. Mwenzake, MDA5, hutafuta RNA ndefu zenye nyuzi mbili zilizoshikana, ambazo kwa kawaida hazipatikani kwenye ute wa seli yenye afya, lakini ambazo kirusi cha dengue hakiwezi kuziepuka kinapojinakili.

Protini hizo zikishanasa RNA ya kigeni, hupeleka taarifa kwa protini nyingine, MAVS, iliyojishikiza juu ya mitokondria, vijisehemu vinavyoizalishia seli nishati, na kutoka hapo amri hufika kwenye kiini: tengeneza interferoni. Dutu hii iligunduliwa mwaka 1957 na Alick Isaacs na Jean Lindenmann huko London. Walichukua utando wa yai la kuku, wakauweka pamoja na virusi vya mafua vilivyouawa kwa joto, kisha wakaona kwamba majimaji yaliyotoka hapo yaliweza kuulinda utando mwingine usishambuliwe na virusi hai.

Ulinzi huo ndio tunaoutegemea sisi pia. Seli iliyoambukizwa huimwaga interferoni nje, nayo seli jirani zikiipokea huwasha mamia ya jeni. Protini za kundi la IFITM huzuia kirusi kuvuka utando na kuingia. PKR, ikikuta RNA ya nyuzi mbili, husimamisha utengenezaji wa protini ndani ya seli. Na RNase L huikatakata RNA, ya kirusi na hata ya seli yenyewe. Wakati huohuo seli uaji asilia, aina ya chembe nyeupe za damu, huanza kuwinda seli zilizokwisha kutekwa.

Gharama yake ni kubwa. Interferoni na saitokini nyingine, yaani protini ambazo seli hutumia kupeana taarifa za kinga, husababisha ubongo uzalishe prostaglandini, ambayo hupandisha kiwango cha joto la mwili, na ndiyo maana parasetamoli huituliza homa bila kukigusa kirusi. Ushahidi ninaouona kuwa wa wazi zaidi ni ule wa wagonjwa wa homa ya ini aina ya C waliokuwa wakitibiwa kwa sindano za interferoni: wengi walipata homa, baridi na maumivu ya misuli baada ya sindano, ingawa dawa ile haikuwa na kirusi chochote.

Dengue nayo ina hila zake. Hujificha inapojinakili, ndani ya vifuko inavyovitengeneza kwenye utando wa ndani ya seli. Protini yake iitwayo NS5, ambayo ndiyo inayoinakili RNA na kuivisha kofia inayofanana na yetu, huikamata pia STAT2, protini inayobeba ujumbe wa interferoni, na kusababisha iharibiwe. Hila hiyo haifanyi kazi kwa STAT2 ya panya, na hiyo ni mojawapo ya sababu za panya wa kawaida wa maabara kutougua dengue kama binadamu. Watafiti hulazimika kutumia panya walioondolewa vipokezi vya interferoni.

Haya yote yana maana kwa anayekuja kupima. Katika siku za mwanzo, kipimo cha kuomba ni cha NS1, protini ya kirusi chenyewe, kwa sababu IgM inaweza isionekane hata kama dengue ipo. Inanisikitisha kuona mtu amekunywa amoksilini kutoka duka la dawa kwa siku kadhaa, kwani antibayotiki haziui virusi. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni ziepukwe, maana huongeza hatari ya kutoka damu wakati chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, tayari zimeshuka. Tena, hatari ya dengue mara nyingi huja homa inapoanza kupoa, kati ya siku ya tatu na ya saba, mishipa midogo inapoanza kuvuja majimaji: maumivu makali ya tumbo, kutapika mfululizo, fizi kutoka damu au kulegea kupita kiasi ni sababu ya kurudi hospitali siku hiyohiyo, hata kama kipimajoto kinaonyesha nyuzi 37.