Zermatt si kijiji cha theluji peke yake

Wengi wanaamini kwamba vijiji vya milima ya Alps ni vya kuteleza kwenye theluji tu, na kiangazi kikifika watu hufunga milango. Chukua Zermatt, kusini mwa Uswisi, chini ya mlima Matterhorn wenye urefu wa mita 4,478. Historia yake inasema kinyume kabisa.

Wageni wa mwanzo walikuja kiangazi. Matterhorn ulipandwa kwa mara ya kwanza tarehe 14 Julai 1865. Watu saba walifika kileleni, wanne wakafa wakati wa kushuka. Msiba huo ulikipa kijiji jina kuliko tangazo lolote. Hata treni ya umeme ya Gornergrat, iliyoanza mwaka 1898 na kupanda hadi zaidi ya mita 3,000, mwanzoni ilifanya kazi kiangazi tu. Msimu wa baridi ulikuja baadaye.

Leo, Julai na Agosti, njia za miguu hujaa watu, na mbuzi wenye shingo nyeusi na kiuno cheupe hupitishwa katikati ya barabara kuu, kengele zikilia, watalii wakiwapisha. Anayetaka theluji kiangazi hupanda gari la kebo hadi kwenye barafuto (mto wa barafu) ya Theodul.

Ila na wewe usidanganywe na matangazo ya “mwaka mzima”: Mei na Novemba hoteli nyingi hufungwa. Ukienda miezi hiyo, uliza kwanza.