Neno "Shahidi" na Kaburi Tupu: Dhana Potofu Kuhusu Ufufuo wa Yesu

Kila ifikapo tarehe 3 Juni, Namugongo, karibu na Kampala, mahali walipouawa wengi wa Mashahidi wa Uganda, hujaa mahujaji, wengine wakiwa wametembea siku nyingi kutoka magharibi mwa Uganda, wengine wakitokea Kenya na Tanzania, hata chini ya mti mmoja utasikia Kiganda, Kinyankole na Kiswahili kwa wakati mmoja. Chini ya mti wa namna hiyo, nikiwa nimevua viatu ili miguu ipoe, nilimsikia mzee akimwuliza kijana aliyekuja naye: "Mjukuu wangu, Karoli Lwanga, yule kiongozi wa mashahidi Wakatoliki, angekubali kuchomwa moto kwa ajili ya uongo?" Kijana akajibu kwa adabu: "Babu, hata watu wa dini nyingine wamekufa kwa ajili ya dini zao." Mzee akanyamaza. Kwa maoni yangu kijana alikuwa na haki, na ni heri tuanze na kosa la upande wetu kabla ya kuyagusa ya wengine.

Dhana: Mashahidi wa Uganda wanathibitisha kwamba Yesu alifufuka.

Ukweli: Kiswahili kina neno moja, "shahidi", kwa mtu anayesimama mahakamani kueleza alichokiona na kwa mtu anayeuawa kwa sababu ya imani yake, na mara nyingi wahubiri wetu huteleza kutoka maana moja hadi nyingine bila kujua. Wakatoliki 22 na Waanglikana 23 waliouawa Buganda kati ya mwaka 1885 na 1887 waliamini habari walizoletewa na wamisionari, ambao wa kwanza walifika mwaka 1877. Kifo chao kinaonyesha kwamba waliamini kwa dhati, lakini hakuna kati yao aliyedai kwamba aliliona kaburi. Petro na wenzake wako mahali pengine kabisa: wao hawakusema wamesikia, walisema wameona. Mtu anaweza kufia uongo asioujua kuwa ni uongo. Kufia uongo alioutunga mwenyewe, huku akiwa na nafasi ya kuukana, ni jambo gumu zaidi kulieleza. Hata hivyo tusizidishe. Habari za vifo vya mitume wengi ni mapokeo ya baadaye, na zile zenye ushahidi wa mapema ni chache, kama ya Yakobo ndugu yake Bwana, ambaye Josephus, mwanahistoria Myahudi asiyekuwa Mkristo, anaandika kwamba alipigwa mawe Yerusalemu, tukio linalowekwa mwaka 62. Tena hoja hii inathibitisha unyofu wao tu. Kama macho yao yaliwadanganya ni swali jingine, nami nitalirudia.

Dhana: Ufufuo ni hadithi iliyotiwa chumvi kizazi baada ya kizazi.

Ukweli: Mtu akifungua Injili peke yake anaweza kudhani hivyo, lakini maandishi ya mapema zaidi juu ya jambo hili hayamo katika Injili. Yamo katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 15, ulioandikwa katikati ya miaka ya 50, yaani miaka ishirini na kitu baada ya msalaba. Humo Paulo anasema kwamba aliyowapa Wakorintho ni mambo aliyoyapokea yeye mwenyewe: Kristo alikufa, akazikwa, akafufuka siku ya tatu, akamtokea Kefa (yaani Petro), kisha wale Thenashara (mitume kumi na wawili), kisha ndugu zaidi ya 500, ambao wengi wao, asema, wangali hai. Kwa Wagalatia anaeleza kwamba, miaka mitatu baada ya kuitwa kwake, alikaa na Kefa Yerusalemu siku 15 na kumwona Yakobo. Basi habari hii haikupita midomo mingi; Paulo aliwafahamu wahusika. Hapa Uganda, watu wazima wanaikumbuka kura ya maoni ya mwaka 2005 iliyorudisha vyama vingi, na mtu akijaribu kusimulia kwamba haikufanyika, muuza nyanya sokoni atamsahihisha.

Dhana: Yesu alizimia tu, akapata nafuu kaburini.

Ukweli: Josephus huyohuyo anasimulia kwamba aliwaona watu watatu aliofahamiana nao wakiwa wametundikwa misalabani, akamwomba Titus, jemadari wa Kirumi, nao wakashushwa wakiwa hai na kupewa matibabu mazuri. Wawili walikufa mikononi mwa waganga. Mmoja tu alipona. Kwa hiyo kunusurika kuliwezekana, lakini kwa mtu aliyeshushwa makusudi ili aokolewe. Yesu alishushwa baada ya Pilato kumwuliza akida na kuhakikishiwa kwamba amekwisha kufa. David Strauss, mtaalamu Mjerumani wa karne ya 19 aliyeukataa ufufuo, aliikataa nadharia hii pia, kwa sababu mgonjwa anayejikokota, mwenye kuhitaji bandeji, asingewafanya wanafunzi wamwone kuwa mshindi wa mauti.

Dhana: Wanafunzi waliuiba mwili, au wanawake walikosea kaburi.

Ukweli: Wizi huacha wezi wakijua ukweli, na hapo tunarudi kwenye ugumu wa kufia uongo wako mwenyewe. Ama kukosea kaburi, kosa hilo lingesahihishwa kwa kwenda kwenye kaburi lililo sahihi. Isitoshe, Luka anakiri kwamba mitume waliyaona maneno ya wanawake kuwa upuzi. Katika jamii iliyoudharau ushahidi wa wanawake, mtunzi wa hadithi angewachagua wanaume.

Dhana: Walikuwa na huzuni, wakaona maono.

Ukweli: Hii ndiyo dhana yenye nguvu kuliko zote, na haifai kuibeza, kwa maana wafiwa wengi husikia sauti ya marehemu au humwona amekaa kwenye kiti chake. Lakini sisi tuliokulia Buganda tunajua watu hufanya nini wakitokewa hivyo. Mtu akimwota babu yake aliyezikwa kwenye shamba la migomba, hasemi kwamba babu amefufuka; anasema mzimu unadai kitu, na asubuhi wazee wanakwenda kupalilia kaburi. Kumwona marehemu huthibitisha kwamba ni marehemu. Wayahudi nao walizijua roho za wafu, na ufufuo waliutazamia siku ya mwisho, kwa wote pamoja, kama Martha alivyomwambia Yesu kuhusu Lazaro, ndugu yake aliyekuwa amekufa. Maono yangewapa mzimu wa Yesu. Hayaelezi kwa nini walitangaza kwamba mmoja amefufuka kabla ya siku yenyewe, mwili wake ukiwemo. Zaidi ya hayo, Paulo hakuwa na huzuni yoyote, kwani alikuwa akiwatesa Wakristo, na Yohana anaandika kwamba ndugu zake Yesu hawakumwamini alipokuwa hai. Nadharia ya maono inahitaji sababu moja kwa Petro, nyingine kwa Yakobo, nyingine kwa Paulo, na ya nne kwa kaburi.